Kila Mtu na Turubai Lake

Vijana wanaokwenda porini kurina asali bado huniletea maturubai yao niyapige pindo, na kabla hawajaondoka huniuliza lipi ni zuri. Huwa siwanyimi. Nawaambia wasidanganyike na unene. Turubai la pamba nzito, lile la kufunikia malori, ni zuri siku ya kwanza. Likishakunywa maji linakuwa mzigo wa punda, na usipolianika vizuri linaota ukungu. La plastiki la bluu ni jepesi, lakini jua la Itigi likilipiga msimu mmoja linakatika kama chapati ya jana. Nawaambia wavute pembe zake kwa nguvu palepale mbele ya muuzaji, akasirike akitaka. Nawaambia pia wafunge kitambaa kwenye kamba ya machela ya kulalia, kati ya mti na kichwa, ili maji yanayoteleza kwenye kamba yadondokee hapo yasimfuate mtu alikolala. Wananisikiliza, wananishukuru. Lakini mmoja wao akiuliza, "Na ukubwa, fundi? Tuko wawili, tuchukue moja kubwa au kila mtu na lake?" hapo nakuwa mkali. Namwambia achukue moja kubwa, aondoke, aniache nifanye kazi.

Wananiona mzee mwenye hasira za bure. Hasira ninazo, ila si za bure.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kwenye baraza la duka karibu na stesheni ya Itigi, enzi ambazo kitambaa kilikuwa kitu cha kupangia foleni, na mtu akipata mita zake za kaki hakutaka kumkabidhi mjinga. Nilikuwa na heshima yangu. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakajaa vitu mpaka vikaning'inia mlangoni, na nguo za kafa Ulaya, mitumba ya leo, zikashuka kwa marobota. Watu walivaa, sitasema uongo. Watoto waliokuwa wakitembea makalio nje walipata kaptula, na nilifurahi kuwaona. Lakini nani tena ataniletea kitambaa wakati suruali anaikuta imeshonwa na kuzoeshwa magoti na mtu mwingine? Nikabaki na kazi ya kupunguza viuno. Ukipita barazani kwangu mchana ungenikuta nimelalia cherehani, nasinzia.

Baba mkwe wangu alikuwa mrina asali na mzee wa kanisa. Mimi ni Mwislamu. Binti yake alipokubali kuolewa nami alibadili dini, kwa hiari yake, na kwa ukaidi wake pia, maana mke wangu akishaamua jambo hata treni haimsogezi. Mzee hakupiga kelele. Mahari aliipokea, mimi akaniita mkwe, kisha akasema maneno ambayo mji mzima uliyajua: kwamba amepata mkwe na amepoteza binti, kwamba yeye hataingia nyumba yetu, na binti asiingie yake. Wakikutana njiani mke wangu aliinama, "Shikamoo baba." Yeye alijibu, "Marahaba," macho yakiwa kwenye reli, akapita. Mtoto wetu wa kwanza akazaliwa, akatambaa, akaanza kutembea, na babu yake hajamgusa. Mama mkwe alimbeba kwa kuibia, kwenye bomba la maji, akamrudisha haraka mgongoni kwa mama yake.

Mwaka ule ninaousema, watoto wa kiume wa mzee walikuwa wameondoka wote, mmoja kwenye machimbo ya dhahabu na mwingine kutafuta maisha mjini. Siku moja mke wangu alirudi bombani na ujumbe kutoka kwa mama yake: "Baba anasema safari hii anaingia porini peke yake." Mgeni angedhani hiyo ni taarifa tu. Kwetu mzee hawezi kumwambia mkwe njoo unisaidie. Anasema yuko peke yake, halafu anasubiri.

"Utakwenda," mke wangu aliniambia. Hakuuliza.

"Mimi na nyuki wapi na wapi?"

"Sikutumi kwa nyuki. Hapa mjini baba ana mlango wake na sisi tuna wetu. Porini hakuna mlango. Mkiwa mmelala, mvua inanyesha, hakuna pa kwenda, mwambie nataka aje akae kwangu amshike mtoto. Usimwambie mchana. Mchana ana uso."

Hayo ndiyo niliyotumwa, na hakuna siku niliyoyasahau.

Wakati huo warina asali wa kwetu walilala kwenye machela. Unachukua gunia la katani, unalipasua, unalipiga pindo nene pande mbili, unapitisha kamba na kulifunga baina ya miti miwili. Chini hakulaliki mvua zikianza: kuna maji, kuna siafu, na kuna wale wasio na miguu ambao hatuwataji usiku. Machela mbili nilizishona mwenyewe, na mzee alipozipima kwa kuzivuta alisema, "Hii ni kazi," nikaona fahari siku nzima. Kilichokosekana ni cha kufunika juu. Turubai lake la zamani, ambalo yeye na wanawe walilala chini yake miaka yote, lilikuwa limeoza. Tukaenda mnadani Manyoni kutafuta jingine.

Lazima nieleze jambo la mkwe, kwa sababu watoto wa sasa wanakula na wakwe zao sahani moja na kuwapigapiga mgongoni. Sisi, mkwe ni heshima, na heshima yenyewe ni umbali. Sikuwahi kukaa kwenye kiti chake. Sikuwahi kumtazama machoni akitafuna. Kulala paa moja naye ni jambo ambalo hata kulifikiria kunatia aibu: mtu akikoroma, akijamba, akilia usingizini, asubuhi mtasalimianaje? Sasa, turubai ni paa au si paa? Hilo hakuna aliyewahi kutufundisha.

Mnada ulikuwa umefurika. Nilikuwa sijaona vitu vingi hivyo mahali pamoja: redio, masufuria, vitambaa vya kumetameta ambavyo mtu akivivuta vinafumuka. Maturubai yalikuwa yametandazwa chini. Kulikuwa na moja kubwa, la pamba iliyochovywa nta, si zito sana, lina upana wa kufunika chumba. Pembeni yake, kutoka kwenye robota la kafa Ulaya, kulikuwa na madogo mawili ya kijani, yanafanana kama mapacha, mepesi na yana utelezi, yana vitundu vilivyozungushiwa shaba kila ukingo na kamba zake nyembamba. Muuzaji alitueleza kwamba kwao wazungu hayo ni ya kulalia msituni kwenye machela.

"Wanarina nini?" mzee akauliza.

"Hawarini kitu, mzee wangu. Wanalala tu. Kwa raha zao."

Mzee alinitazama kidogo, na mimi nilimtazama kidogo, na ninaapa tulikaribia kucheka pamoja. Mtu mwenye nyumba anatoka nje akanyeshewe kwa hiari! Ingekuwa mtu mwingine tungelishika tumbo. Mimi nilikohoa, yeye akageukia turubai kubwa.

Alipiga goti, akashika ukingo wake, akanyoosha mikono kuupima. Akaenda upande wa pili, akapima tena. Muuzaji, ambaye alikuwa kijana na hakutujua, akasema, "Hilo linawatosha wote wawili, mnalala kama kuku na vifaranga vyake."

Nilitazama chini. Mzee alikuwa bado ameshika ukingo.

"Unaonaje, mkwe?" akasema.

"Wewe ndiye mwenye pori, baba."

"Lakini wewe ndiye mwenye kujua nguo."

"Nguo ni nzuri zote, baba."

"Zote?"

Leo najua swali lile lilikuwa linauliza nini. Siku ile nilisikia mzee mwenye haya anayeombwa na muuzaji mpumbavu alale na mkwe wake, na nikaona ni juu yangu kumtoa kwenye aibu. "Hata hayo madogo si mabaya," nikasema. "Kila mtu anakuwa na lake, baba unapumzika vizuri."

Aliuachia ule ukingo. Aliuachia taratibu, akaulaza vizuri kwenye vumbi kama alivyoukuta. "Kweli," akasema. "Kila mtu na lake." Naye alidhani mimi ndiye nisiyetaka kulala karibu naye. Tulirudi Itigi kila mmoja na kifurushi chake cha kijani kwapani, tumeridhika kwamba tumeheshimiana.

Tuliingia pori la upande wa kusini mbingu zikiwa zimeanza kunuka mvua. Ni asali ile ndogo, inayorinwa kabla masika hayajashika. Mzee alipofika mahali pake pa kambi alinionyesha miti mitatu imesimama mstari mmoja. Alifunga machela yake kati ya mti wa kwanza na wa katikati, kichwa akakielekeza katikati. Nilielewa kwamba machela yangu ingefungwa kati ya mti wa katikati na wa tatu, na kichwa changu kingekuwa karibu na kichwa chake kiasi cha kusikia pumzi zake. Nikaona haifai. Nikachukua machela yangu nikaenda kuifunga kwenye miti mingine, mbali kidogo.

"Huko kuna siafu," mzee akaniambia.

"Nimekagua, baba. Hakuna."

Akautazama ule mti wa tatu uliobaki bila kazi, kisha akaenda kutafuta kuni.

Mvua ilitupata jioni, mwanga bado upo. Kwa kustahimili maji yale maturubai hayakuwa na mfano. Sijawahi kulala mkavu vile. Ila walioyashona hawakufikiria masikio. Kila tone lilipiga kama kokoto kwenye bati. Nilikuwa nimelala nikipanga maneno ya mke wangu, nimeyapanga vizuri, nikianza na mtoto, nikaisikia sauti ya mzee upande wa pili.

"Mkwe!"

"Naam baba!"

Akasema jambo. Lilikuwa refu, halikuwa la kuomba kiberiti. Nilisikia neno "nyumba" au nilidhani nimesikia.

"Sijasikia, baba!"

Akarudia. Mvua ikaongeza.

"Sijasikia!"

Kisha kwa sauti ya juu: "Nasema mvua!"

"Ndiyo baba! Mvua kubwa!"

Hakuita tena. Na mimi maneno yangu yalikuwa mdomoni, lakini kumwombea binti kwa baba yake si jambo la kupigia kelele. Ningeweza kushuka nikatembea kwenye matope mpaka kwake. Ningesimama wapi? Chini ya turubai lake, juu ya kichwa chake, yeye amelala, mimi mkwe? Nikasubiri mvua ipungue. Ilipopungua alikuwa anakoroma, au alikuwa ameamua kukoroma.

Ilikuwa hivyo safari nzima. Mchana tulifanya kazi bila maneno mengi, kwa sababu nyuki hawapendi mazungumzo na wakwe hawayazoei. Yeye alipanda, mimi nikapeperusha moshi na kupokea masega kwa kamba. Mara moja tu, tumekaa kivulini tunatoa miiba, aliniuliza akiwa anatazama vidole vyake.

"Yule anatembea?"

Nilijua nani. "Anatembea, baba. Anaangusha kila kitu."

"Hm," akasema. Akatabasamu, nikaliona tabasamu lenyewe, la mtu ambaye naye aliwahi kuangusha vitu. Nilifungua mdomo. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu, lakini ulikuwa mchana, na alipoinua macho alikuwa amekwisha kuvaa uso wake. Akaenda kwenye mzinga unaofuata. Jioni nilimkuta anachagua sega jeupe kabisa, lisilo na harufu ya moshi, akaliweka kwenye bakuli la mfuniko peke yake. "Hili ni la anayeangusha vitu," akasema, akanipa.

Tulirudi. Nyumba yangu iko kabla ya kivuko cha reli, yake iko ng'ambo, kwa hiyo lazima apite mlangoni kwangu. Mke wangu alikuwa amefagia ua mpaka ardhi imelia, ametandika mkeka mpya, chai iko motoni, na mtoto amevishwa kama siku ya Idi. Mzee alisimama njiani. Nikasema, "Karibu, baba." Nilisema kama tunavyosema kwa kila apitaye, na yeye akajibu kama kila apitaye anavyojibu: "Ahsante, nimekaribia."

Kisha akasita. "Turubai langu naondoka nalo. Nina kazi nalo," akasema. "Mwakani tutajipanga vizuri zaidi." Akamtazama mtoto kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, akavuka reli.

Mke wangu alingoja hata vumbi la miguu yake litulie. "Ulimwambia?"

"Mvua ilikuwa kubwa. Hatukusikilizana."

"Turubai gani hilo linazuia maneno badala ya mvua?"

Nikamweleza habari ya mnadani, ya moja kubwa na madogo mawili. Nilitegemea anisifu kwa adabu yangu. Alikaa kwenye ule mkeka mpya, akajimiminia chai ya baba yake, akainywa.

"Wewe si fundi?" akasema. "Yale madogo mawili kwa nini hukuyashona yakawa moja?"

"Nianze mimi? Yeye ndiye mkubwa."

"Haya. Subirianeni."

Baadaye, mama mkwe alimwambia mke wangu bombani kwamba mzee anaomba shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa katani. Nikachagua shazia yangu nzuri kuliko zote nikaituma. Nilidhani anashona magunia. Sikuuliza, kwa sababu mkwe haulizwi.

Kifua kilimwanza masika yakiwa katikati. Alipelekwa hospitali, na sisi tukasikia kwamba amepata nafuu, kisha tukasikia kwamba analetwa. Hatukusikia mambo ya katikati. Hakuifikia hiyo mwakani.

Siku ya msiba mke wangu alikwenda nami, mtoto mgongoni, mpaka kwenye ukingo wa ua wa baba yake, akasimama hapo. Akina mama walimwita. Shangazi yake alikuja kumshika mkono. Alikataa, si kwa hasira, analia, anasema, "Alisema nisiingie. Hakuna aliyesikia akiniambia ingia." Nani angebisha? Aliyesema maneno yale alikuwa ndani kwenye jeneza, na mimi niliyetumwa kumbembeleza ayatengue nilikuwa nimesimama pale na mikono yangu.

Mvua ikaanza. Turubai la kanisa lilifunika akina mama nusu. Nikakimbia nyumbani kuleta langu. Niliporudi vijana walikuwa wanalitandaza la mzee, limetolewa stoo, na mmoja akaita, "Fundi, njoo uone, hili limefanywa nini?"

Ukingo mmoja, mmoja tu, ulikuwa umeshonwa vitanzi vya uzi wa katani. Mishono mikubwa, ya kupinda, ya mtu ambaye hajawahi kushona zaidi ya gunia. Kwenye pembe kulikuwa na kifurushi cha vijiti vilivyochongwa vikalainishwa. Nililiweka langu kando yake. Kila kitanzi kilikaa mbele ya kitundu chake cha shaba. Ukikipitisha kwenye kitundu na kuchomeka kijiti, maturubai mawili yanakuwa moja, na mtu akitaka anayatenganisha tena bila kumvunjia mwenzake heshima.

Nikawaachia vijiti. Vijana ndio waliochomeka.

Mama mkwe alikuwa ametoka mlangoni, amefungwa khanga kichwani. Hata siku hiyo hakusema nami moja kwa moja. Alipaza sauti kunipita, kwenda kwa binti yake aliyeloa kwenye ukingo wa ua. "Mwambie mume wako, baba yako alikuwa anavishona hivyo jioni, akijichoma vidole. Nilimwambia, mpelekee mkweo, si ndiye fundi? Akasema, mkwe wangu hatathubutu. Mkubwa ndiye aanze. Akasema mwakani watalala chini ya moja, mvua ikinyesha amwambie mkwe akulete hapa nyumbani."

Akamaliza, akarudi ndani.

Mke wangu alivuka ukingo wa ua. Hakuna aliyemshika mkono. Alipita kwa akina mama, akaja upande wetu wanaume, ambako mwanamke hakai, akakaa chini palepale maturubai yalipoungana, mtoto mapajani. Mzee hakuwa fundi. Alilaza ukingo wa chini juu ya ule wa juu, na maji yakawa yanapenya kwenye maungio, yanamdondokea mke wangu begani, tone baada ya tone. Nikainama nikamwambia asogee kidogo, hapo panavuja, nitakuja kupashona.

"Usipaguse," akasema. Hakusogea.